Viwango vya ubora na usalama katika nyumba za wazee: Kolwezi na ukanda wa shaba wa Lualaba

Viwango vya nyumba za wazee ni masharti yanayoeleza nyumba ya kulelea wazee iweje, mzee atunzwe vipi, nani amtunze, na nani awajibike mambo yakiharibika. Nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nyumba hizo ni chache, na nyingi hutegemea mashirika ya kidini na wahisani. Watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi hawafiki 5 kwa kila 100, na karibu wote huzeekea mikononi mwa watoto na ndugu zao. Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba, suala hili lina uzito wa pekee. Huko kampuni moja ilikuwa mwajiri, mwenye nyumba, tabibu na mgawa chakula, kisha ikajitoa katika majukumu hayo wakati kizazi kizima cha wafanyakazi wake kikikaribia uzee.

Historia

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 iwe kituo cha migodi ya magharibi ya Union Minière du Haut-Katanga. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni hiyo ilikuwa imeanza kuachana na vibarua wa muda mfupi na kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Familia ilipata nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Malezi hayo yalikuwa na vipimo vyake, ila vilipimwa kwa mtu mwenye nguvu za kuchimba na kwa watoto watakaochimba baada yake. Aliyemaliza kazi alitarajiwa kurudi kijijini akatunzwe na ukoo. Uzee haukuwa na nafasi katika ramani ya kambi.

Tarehe 1 Januari 1967 shughuli za Union Minière nchini zilichukuliwa na serikali, na kampuni mpya ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, jimbo la wakati huo lililojumuisha Kolwezi. Uzalishaji ulianguka, mishahara ikalala miezi mingi, na hospitali za kampuni zikaishiwa dawa.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, ukaja mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, unaojulikana mpaka leo kwa herufi ODV. Wafanyakazi 10,655, waliolengwa kwa kuwa na utumishi wa miaka 25 na zaidi, waliachishwa kazi kwa malipo ya mkupuo. Wengi walidai kwamba fedha hizo zilikuwa pungufu ya haki yao kisheria, na mwaka 2009 malalamiko yao yakafika mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Aliyekuwa na miaka 50 siku ile sasa amepita 70. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga, alikwisha kuwaeleza kama watoto walioachwa na baba yao.

Misingi ya sheria

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 49, inampa mzee haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake ya mwili, akili na maadili. Barani, Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu Haki za Wazee ilipitishwa Addis Ababa Januari 2016, na ikaanza kutumika mwaka 2024 baada ya kufikisha nchi 15 zilizoiridhia. Ibara yake ya 11 inahusu nyumba za wazee moja kwa moja: kuishi humo kuwe kwa hiari na kwa gharama inayobebeka, na matunzo yafikie viwango vya chini vya taifa. Kabla ya hapo, Kanuni za Umoja wa Mataifa kwa Wazee za mwaka 1991 zilitaja nguzo tano: kujitegemea, kushiriki, kutunzwa, kujiendeleza na heshima.

Viwango vyenyewe

Jengo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanguka kuwa chanzo cha pili duniani cha vifo vitokanavyo na majeraha yasiyokusudiwa, na wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kwa hiyo sakafu isiteleze, njia ya chooni iwe na mwanga na vishikio, na choo kiwe karibu na kitanda. Umeme na maji vikikatika mara kwa mara, nyumba iwe na akiba ya maji na taa za betri au za jua. Mshumaa karibu na chandarua huunguza watu.

Kolwezi iko juu ya uwanda wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Hapo ndipo mbabula, yaani jiko la makaa, huingizwa chumbani na mlango kufungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, na mzee aliyelala hapati onyo lolote. Nyumba yenye viwango hupiga marufuku mbabula vyumbani, ikatoa badala yake mablanketi ya kutosha, soksi, na chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa. Vilevile isijengwe kando ya barabara za malori ya madini, kwa kuwa vumbi humwelemea zaidi aliyetumia ujana wake mgodini.

Afya. Kila mzee apimwe anapoingia na kila baada ya muda: mwendo, lishe, macho, masikio, kumbukumbu na hali ya kihisia. Hayo ndiyo maeneo yanayotajwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa matunzo jumuishi kwa wazee. Mchimbaji wa zamani aangaliwe pia mapafu. Dawa zifungiwe kabatini, na daftari lioneshe jina, kipimo, saa na sahihi ya aliyetoa. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe mara kwa mara mchana na usiku, kwa kawaida kila saa 2, na saa ya kugeuzwa iandikwe, maana kidonda cha mgongo huanza na wekundu mdogo ambao mlezi mchovu hauoni. Chandarua kiwe juu ya kila kitanda, na mkataba na hospitali iliyo karibu uwe umeandikwa kabla ya dharura.

Chakula. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu) si kosa, lakini asiye na meno anahitaji uji mzito, samaki aliyechambuliwa, maharage yaliyopondwa na matunda laini. Uzito upimwe kila mwezi. Anayekonda atafutiwe sababu.

Watumishi na haki. Shirika la Afya Duniani linaripoti kwamba watumishi 2 kati ya 3 wa nyumba za wazee duniani walikiri kumtendea mzee vibaya katika mwaka mmoja. Dawa ya hilo ni mafunzo, mishahara inayolipwa kwa wakati, watumishi wa kutosha zamu ya usiku, na njia ya kulalamika isiyopitia kwa anayelalamikiwa. Mzee asifungwe kitandani, asinyang'anywe pensheni wala kitambulisho, na mwenye kusahau asiitwe mchawi. Awe huru kupokea wageni, kusali kwa dini yake na kusemezwa kwa lugha anayoielewa.

Mifano ya jirani

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003 na makazi yanayoendeshwa na serikali, yakiwamo Nunge, Kigamboni, na Funga Funga, Morogoro. Zanzibar ina nyumba za Sebuleni na Welezo, Unguja, na Limbani, Pemba, na tangu Aprili 2016 hulipa pensheni kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au la. Kenya imeweka haki za wazee katika ibara ya 57 ya Katiba ya 2010.

Usimamizi na fedha

Kiwango kisicho na mkaguzi hubaki karatasi. Kazi ya kukagua inastahili kufanywa na Divisheni ya Mambo ya Jamii ya jimbo pamoja na ofisi ya afya: kusajili kila nyumba, kuingia bila taarifa, na kubandika matokeo mlangoni. Fedha nazo zina mlango. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaelekeza asilimia 25 ya mrabaha wa madini kwa jimbo na asilimia 15 kwa serikali za mitaa, na inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Nyumba ya wazee, muuguzi wa kuwazungukia wazee majumbani na mafunzo kwa binti au mkwe anayemtunza mzee vinaweza kuandikwa katika mipango hiyo.

Jambo moja lazima libadilike kutoka zama za kambi. Wakati huo matunzo yalikuwa zawadi ya mwajiri, na yalikwisha mwajiri alipoishiwa. Kiwango kinachodumu humtambua mzee kwa kuwa mzee: mchimbaji wa ODV, mjane wake, muuza mboga wa sokoni na mkulima wa Mutshatsha, jimboni humo humo, wote kwa kipimo kimoja.