Wilson: uwanja mdogo, kazi kubwa

Mtajie Mnairobi uwanja wa ndege, mawazo yake yatakwenda moja kwa moja Embakasi. Lakini tuna mwingine hapa hapa mjini, kando ya barabara ya Lang'ata, wenye historia ndefu kuliko huo. Ni Wilson. Kila siku tunaupita tukiwa ndani ya matatu, na ni wachache wanaojiuliza: huyu Wilson alikuwa nani?

Alikuwa mwanamke. Florence Kerr Wilson, mjane wa kilowezi, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929 akiwa na ndege moja ndogo ya Gipsy Moth. Rubani wake, Tom Campbell Black, ndiye aliyemfunza urubani Beryl Markham, yule aliyevuka Atlantiki peke yake Septemba 1936, kutoka Uingereza hadi Kanada. Ndege za Mama Wilson zilibeba barua na abiria hadi Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, ndege hizo zikachukuliwa na jeshi, na kampuni haikuinuka tena. Jina lake lilirudi mwaka 1962, uwanja uliokuwa ukiitwa Nairobi West ulipobadilishwa jina na kuwa Wilson.

Embakasi ilifunguliwa mwaka 1958. Ungedhani huo ndio ungekuwa mwisho wa hiki kiwanja. Wapi! Mwaka mmoja kabla, 1957, daktari Michael Wood na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walikuwa wameanzisha huduma ya madaktari wanaoruka, ambayo leo tunaijua kama AMREF. Baadaye zikaja ndege za watalii wa Maasai Mara, za misaada ya Somalia, na za miraa inayotoka Meru usiku ili ifike Mogadishu ikiwa bado mbichi.

Ukitazama orodha hiyo utaona kitu kimoja. Wilson inaishi kwa mapengo yetu. Pasipo na barabara, pasipo na hospitali, penye vita, ndipo rubani wa Wilson anapopata kazi. Karakana na shule za urubani zilizouzunguka zimejengwa juu ya mapengo hayo.

Sasa uwanja wenyewe umebanwa. Upande mmoja kuna nyumba, upande mwingine mbuga ya Nairobi. Njia zake mbili za kurukia zina urefu wa mita 1,500 hivi kila moja. Ya Embakasi inapita 4,000. Mwanafunzi anayejifunza kutua anatumia anga ile ile ya ndege ya abiria. Machi 5, 2024 tuliona gharama yake: ndege ya mafunzo aina ya Cessna iligongana na Dash 8 iliyobeba watu 44 kuelekea Diani. Dash 8 ilirudi salama. Waliokuwa ndani ya Cessna, mwalimu na mwanafunzi wake, walikufa mbugani.

Wapo wanaotaka uwanja uhamishwe. Mimi ningeanza kwa kuzihamisha shule, kwa sababu daktari anayeitwa Mandera usiku bado anahitaji pa kurukia karibu na hospitali za Nairobi. Ardhi ya Wilson ina thamani kubwa, na hapa kwetu tunajua ardhi ya aina hiyo huishia wapi. Ninyi mnaonaje?