Zambarau ya Jicho: Kimeng'enya Kilichosubiri Zaidi ya Karne

Mwaka 1876, huko Roma, Mjerumani Franz Boll alibandua retina ya chura aliyefichwa gizani. Ilikuwa nyekundu inayoelekea zambarau. Haikuchukua muda mwanga ukaipausha mbele ya macho yake. Boll alifariki 1879 akiwa na miaka 30 tu, lakini Willy Kühne wa Heidelberg alikuwa amekwisha kuidaka kazi hiyo.

Jaribio la Kühne naliona bora kuliko yote katika historia ya jicho. Alichukua retina iliyopauka, akairudisha juu ya tabaka jeusi la seli ilikobanduliwa, akaiacha gizani. Rangi yake ya zambarau ikarejea. Ikitengwa na tabaka lile, hairejei hivyo. Kulikuwa na kitu mle kinachofanya kazi. Na Kühne ndiye huyohuyo aliyebuni, miaka hiyohiyo, istilahi ambayo kwa Kiswahili tunaiita kimeng'enya! Alifariki 1900 bila kukijua kile kilichokuwa kikitenda kazi mbele yake.

Mwaka 1933 George Wald aliikuta vitamini A ndani ya retina, ileile ya matone wanayopewa watoto wetu kliniki. Baadaye yeye na wenzake, akiwemo Ruth Hubbard, walionyesha kwamba molekuli itokanayo na vitamini hiyo hukaa imepinda ndani ya rangi hiyo ya retina. Mwanga ukiigusa, hunyooka, na hapo ndipo kuona kunapoanza. Lakini ili jicho lione tena, sharti ipindwe upya. Ni nini kinachoipinda?

Mwaka 1993 protini moja iliyojaa tele katika tabaka lile jeusi ilipewa jina RPE65; hiyo 65 ni uzito wake kwa kilodaltoni. Kazi yake haikujulikana. Mwaka 1997 ikabainika kwamba watoto wenye hitilafu katika jeni yake huzaliwa na uoni hafifu mno, na mwaka uliofuata panya walioondolewa jeni hiyo walikosa kabisa molekuli iliyopinda.

Jibu lilikamilika 2005, kutoka maabara tatu za Marekani. Jeni ya RPE65 ilipandikizwa katika seli za kawaida zilizokuzwa maabara, seli zisizohusika na kuona hata kidogo, kisha zikalishwa vitamini A. Zikaanza kuipinda. Kimeng'enya kikapatikana, nacho huhitaji madini ya chuma na hushikamana na utando wa seli. Kwa kuwa hufanya kazi hata katika seli za kawaida, watafiti wanakithamini mno kile cha binadamu kinachotengenezwa kwa njia hiyo ya kupandikiza jeni: kila hitilafu ya mgonjwa huweza kuundwa na kupimwa bila kugusa jicho la mtu.

Desemba 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kuingiza jeni nzima ya RPE65 jichoni. Sindano hupenya chini ya retina, na jeni hupelekwa katika tabaka lilelile ambalo Kühne aliirudishia retina ya chura wake.