Kid A

'''Kid A''' ni albamu ya nne ya Radiohead, bendi ya muziki wa roki kutoka Oxfordshire, Uingereza. Ilitolewa mnamo Oktoba 2000 ikiwa na nyimbo kumi. Ni kati ya albamu za muziki wa majaribio zilizowafikia wasikilizaji wengi, ingawa sauti yake ni ya huzuni na si rahisi kuizoea.

== Historia ==
Albamu iliyotangulia, ''OK Computer'' (1997), iliipa bendi sifa duniani kote. Ziara ndefu iliyofuata ilimchosha mwimbaji Thom Yorke hata akashindwa kutunga. Kazi ya kurekodi ilianza mwaka 1999 mjini Paris, ikaendelea Copenhagen na Gloucestershire, na kumalizikia Oxford, chini ya mtayarishaji Nigel Godrich. Katika nyimbo kadhaa gitaa liliachwa kabisa, jambo gumu kwa bendi yenye wapiga gitaa watatu, na mvutano ukatokea kati yao.

== Muziki na huzuni yake ==
Nyimbo za huzuni kwa kawaida hueleza kisa: mtu kaachwa, au kafiwa. ''Kid A'' haina kisa. Yorke aliandika vipande vya maneno, akavitia kwenye kofia na kuvichomoa bila mpango. Katika wimbo unaobeba jina la albamu, sauti yake imebadilishwa kwa mitambo hata maneno hayasikiki vizuri. Kwa hiyo hisia hubebwa na sauti zenyewe.

Mfano bora ni "How to Disappear Completely". Wimbo huu unaanza kwa gitaa la kawaida, kisha nyuzi za okestra zinapanda polepole hadi karibu kumfunika mwimbaji. Jonny Greenwood alizipanga nyuzi hizo, na pia alipiga ''ondes Martenot'', ala ya umeme ya Mfaransa Maurice Martenot iliyozinduliwa mwaka 1928, ambayo sauti yake hufanana na mtu anayelia kwa mbali. "Idioteque" ni kinyume chake: mdundo wa kucheza dansi, lakini wenye hofu. Umejengwa juu ya kipande kifupi cha muziki wa kompyuta alichotunga Mmarekani Paul Lansky mwaka 1973.

== Mapokezi ==
Hakuna wimbo uliotolewa peke yake kuitangaza albamu, lakini ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, na mwaka 2001 ilipata Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala. Wahakiki waligawanyika. Mwandishi Nick Hornby alilalamika katika ''The New Yorker'' kwamba kazi ya namna hii inahitaji msikilizaji mwenye muda na subira ya kijana wa miaka 16. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, kwa maana wengi waliokuja kuipenda waliisikiliza mara nyingi kwanza, mara nyingi wakiwa peke yao. Mwaka 2009 jarida la ''Rolling Stone'' liliitaja kuwa albamu bora ya muongo.

Kwa nini mtu atafute muziki unaomhuzunisha? Mwaka 2014 watafiti Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwahoji watu 772 kuhusu muziki wa huzuni. Hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni yenyewe bali hamu ya mambo yaliyopita, na wengi walisema muziki huo huwatuliza.

Nyimbo nyingine zilizorekodiwa katika kipindi hicho zilitolewa mwaka 2001 katika albamu ya ''Amnesiac''.