Malkia Victoria: Jina Lililovuka Bahari Bila Mwenyewe

Asubuhi ya tarehe 20 Juni 1837, saa 12, binti wa miaka 18 aliamshwa na mama yake katika Kasri la Kensington, London. Wageni wawili walikuwa wakimsubiri sebuleni: Askofu Mkuu wa Canterbury na Lord Conyngham, afisa mkuu wa nyumba ya kifalme. Binti akavaa joho juu ya nguo za kulalia, akaingia kuwaona peke yake. Wageni wakapiga goti. Baba yake mkubwa, Mfalme William IV, alikuwa amefariki usiku huo, na Uingereza sasa ilikuwa na malkia.

Kuingia peke yake lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika. Baba yake mzazi alifariki mwaka 1820, Victoria akiwa mchanga wa miezi minane, na malezi yake yakashikwa na mama yake, Duchess wa Kent, pamoja na msimamizi wa nyumba yao, John Conroy. Wawili hao walimbana kwa masharti makali. Alilala chumba kimoja na mama yake, na hata kushuka ngazi hakuruhusiwa mpaka mtu amshike mkono. Ndiyo maana moja ya amri zake za mwanzo kabisa ilikuwa kitanda chake kiondolewe chumbani kwa mama.

Alitawazwa Juni 28 mwaka uliofuata katika Westminster Abbey. Ibada ilichukua saa nyingi na kasoro hazikukosekana. Pete ya kifalme ilikuwa imetengenezwa kwa kipimo cha kidole kidogo, lakini Askofu Mkuu aliilazimisha kwenye kidole kingine. Baadaye Malkia alilazimika kuloweka mkono kwenye maji ya barafu ndipo pete ikatoka.

Mwaka 1840 uliufikisha uso wake kila nyumba. Februari aliolewa na binamu yake wa Ujerumani, Prince Albert, baada ya yeye mwenyewe kumposa, maana hakuna mwanamume aliyeweza kumposa malkia. Mei ikatoka stempu ya kwanza ya posta duniani, nyeusi, ya bei ya peni moja, yenye picha yake ya ubinti. Victoria alizaa watoto tisa, akanenepa, akazeeka, akawa bibi, lakini kwenye stempu za Uingereza alibaki binti yuleyule hadi mwisho wa utawala wake.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa kumwelewa. Katika enzi yake mamlaka ya kuamua yalizidi kuhamia Bungeni, huku jina na sura yake vikizidi kuenea. Mwaka 1839 bado aliweza kumkatalia Robert Peel asiwabadilishe mabibi waliomhudumia ikulu, na Peel akaacha kuunda serikali. Mwaka 1880 hali ilikuwa nyingine. Hakumtaka kabisa William Gladstone, lakini wapiga kura walikuwa wamekwisha amua, naye akampokea kama waziri mkuu. Alikuwa na haki ya kuulizwa, kuhimiza na kuonya. Kuamua kulikuwa kwa wengine.

Albert ndiye aliyempa ufalme huo sura ya kazi na ya familia. Yeye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuandaa Maonyesho Makuu ya mwaka 1851 ndani ya jumba la vioo na chuma lililojengwa Hyde Park. Watu zaidi ya milioni 6 waliingia, na faida iliyopatikana ilinunua ardhi ya South Kensington, penye makumbusho mashuhuri mpaka leo. Miaka kumi baadaye, tarehe 14 Desemba 1861, Albert alifariki Windsor akiwa na umri wa miaka 42.

Victoria hakuvua nguo nyeusi tena. Chumba cha mumewe kiliachwa kama kilivyokuwa, na kila siku mtumishi alipeleka maji ya moto ya kunyolea ndevu. Kwa miaka mingi alijifungia mbali na raia, hadi magazeti na baadhi ya wanasiasa wakaanza kuuliza fedha za umma zinamlisha malkia gani asiyeonekana.

Wakati huohuo jina lake lilikuwa safarini. Mwaka 1855 mpelelezi David Livingstone aliyapa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya jina la Victoria. Mwaka 1858 John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa ambalo Waganda wanaliita Nalubaale na Wajaluo Nam Lolwe, akalipa jina la malkia wake. Mwenye jina hakuliona ziwa hilo. Katika maisha yake yote hakutoka nje ya Ulaya, hata India hakufika.

India ndiyo iliyomvutia zaidi. Baada ya maasi ya mwaka 1857, serikali iliichukua nchi hiyo kutoka mikononi mwa Kampuni ya Mashariki ya India, na mwaka 1876 Victoria akapata cheo cha Kaisari wa India, cheo alichokitamani na kukishinikiza mwenyewe kwa waziri mkuu Benjamin Disraeli. Mwaka 1887 akaletewa mtumishi kutoka Agra, Abdul Karim. Muda si mrefu mtumishi akawa mwalimu: bibi wa miaka 68 akaanza kujifunza Kihindustani na kuandika mazoezi daftarini. Familia yake ilichukia ukaribu huo. Alipofariki, mwanawe Edward VII aliagiza barua alizomwandikia Abdul Karim zichomwe.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilimjua kupitia mabalozi na manowari. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na tishio la manowari za Kiingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mwaka 1875 alizuru Uingereza na kukutana na Malkia. Mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa amri ya Waingereza ya kuondoka kwenye kiti cha usultani, manowari za Malkia ziliipiga ikulu kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, na mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm II, mlima Kilimanjaro kwa siku yake ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umejipinda pale. Si kweli. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm alishika ukaisari mwaka 1888. Waliouchora ni maofisa waliokaa mezani na ramani, wakigawana ardhi ya wenyewe bila kuwauliza.

Tarehe 22 Juni 1897 London ilijaa watu kuadhimisha miaka 60 ya utawala wake. Kabla ya kutoka ikulu alibonyeza kitufe cha umeme, na salamu zake zikaenda kwa telegramu kote kwenye himaya. Alipofika kanisa kuu la St Paul's miguu haikumruhusu kupanda ngazi, hivyo ibada ikafanyika nje, yeye akiwa amekaa kwenye gari lake la farasi. Alifariki tarehe 22 Januari 1901 katika nyumba ya Osborne, Isle of Wight, Wilhelm akiwa kando ya kitanda. Alizikwa na nguo nyeupe, ubavuni mwa Albert, baada ya kutawala miaka 63 na miezi saba. Rekodi hiyo ilivunjwa tarehe 9 Septemba 2015 na kilembwe wake, Elizabeth II.

Kumtwisha Victoria kila risasi iliyopigwa kwa jina lake ni kosa, maana mengi yaliamuliwa na mawaziri. Kumsafisha kabisa ni kosa vilevile: himaya aliijua, aliipenda, na alijivunia cheo chake. Shajara aliyoianza akiwa na miaka 13 aliiandika hadi siku chache kabla ya kifo. Binti yake Beatrice alinakili sehemu kubwa, akiacha aliyoona hayafai, kisha akachoma nyingi za asili, na kilichosalia kiliwekwa kwenye intaneti mwaka 2012. Walimu wetu wa historia wawape wanafunzi kurasa hizo wazisome pamoja na kumbukumbu za Zanzibar za miaka ileile, kisha wawaache waamue wenyewe.