Uji na Habari Njema: Ujiji, 1871

Wasikilizaji, mwezi wa Oktoba, 1871, Dk. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Nyangwe, mgonjwa, amekonda. Akaona mali aliyoletewa imekwisha kuuzwa. Akawa akila mara mbili kwa siku, kidogo, bila kusikia ladha. Kisha akaja Bwana Stanley na chakula, barua na habari za ulimwengu. Livingstone aliandika kwamba hamu ilimrudia, akala mara nne kwa siku; baada ya juma moja akaanza kupata nguvu. Kabla ya mwaka kwisha walikwenda pamoja kwa mtumbwi hata mto Rusizi.

Je, kilichomponya ni chakula au furaha? Vyote viwili. Ubongo na tumbo vimeungwa kwa mishipa ya fahamu: huzuni yaweza kuzuia hamu, na njaa yaweza kulegeza moyo. Basi umpelekeapo mgonjwa uji, mpelekee na habari njema.