Damu Salama ni Suala la Utawala: Tafakari ya Kihistoria kutoka Temeke na Kinondoni

Katika mijadala yetu ya utawala bora tumezoea kuzungumzia ardhi, madini, kodi na uchaguzi. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja damu. Hata hivyo, damu iliyomo katika majokofu ya hospitali zetu ni mali ya umma kama yalivyo maji na barabara: hutolewa na wananchi bila malipo, husimamiwa na dola, na hupewa wagonjwa wasiowajua waliowachangia. Katika makala haya naitazama historia ya huduma hiyo kwa jicho la mkazi wa Dar es Salaam, hususan wa Temeke na Kinondoni, na kuuliza swali moja: hatari inapotokea, ni nani aliyekabidhiwa dhamana ya kuikabili?

Jiji letu lina historia ya misiba ya ghafla. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani wilayani Kinondoni na kuua watu 11, siku ileile ambayo Nairobi ilipoteza zaidi ya watu 200. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya Jeshi la Wananchi yalilipuka Mbagala, wilayani Temeke. Zaidi ya watu 20 walifariki na mamia wakajeruhiwa. Haikupita miaka miwili, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, msiba wa aina hiyohiyo ukaikumba Gongo la Mboto, wilayani Ilala.

Kila inapotokea hali kama hiyo, utu wa watu hujidhihirisha. Nairobi ya mwaka 1998 inakumbukwa kwa misururu mirefu ya watu waliojitokeza kutoa damu. Lakini kuna jambo ambalo wananchi wengi hawajaelezwa. Damu inayotolewa leo haiingii mwilini mwa majeruhi papo hapo. Ni lazima itambuliwe kundi lake, ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kisha itenganishwe na kuhifadhiwa. Kwa hiyo damu inayomwokoa majeruhi katika saa za kwanza ni ile iliyokuwemo jokofuni kabla ya mlipuko. Ilitolewa wiki kadhaa nyuma na mtu ambaye hakuwa na habari ya msiba wowote, pengine mwanafunzi wa sekondari aliyeitikia wito wa timu ya uchangiaji iliyofika shuleni kwake.

Chembe nyekundu za damu hudumu jokofuni kwa siku 35 hadi 42, kutegemea dawa ya kuhifadhia iliyotumika. Chembe sahani hudumu siku tano tu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani, watu walijitokeza kwa wingi kiasi kwamba sehemu kubwa ya damu ya ziada ilimwagwa baada ya kupitwa na muda wake bila kupata mgonjwa. Huruma ilikuwepo tele. Kilichopungua ni mpango wa kuigawa katika majuma na miezi. Hapo ndipo tunapoiona tofauti baina ya ukarimu na utawala.

Tulifikaje hapa tulipo? Kwa miongo mingi baada ya uhuru, kila hospitali nchini ilijitafutia damu yake. Chama cha Msalaba Mwekundu, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, kilifanya kazi ya kibinadamu ya kuhamasisha wachangiaji, lakini mzigo mkubwa ulibaki kwa ndugu wa mgonjwa. Mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, mumewe na shemeji zake ndio walioambiwa watafute watu wa kutoa. Mwenye ukoo mkubwa mjini alipona kwa wepesi kuliko mhamiaji aliyekuja juzi kutoka mkoani na kupanga chumba Tandika au Manzese. Kwa lugha ya watumishi wa umma, kihatarishi kilikuwa kimehamishwa kutoka kwa taasisi na kutwishwa familia.

UKIMWI uliufichua udhaifu wa utaratibu huo. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na punde ikabainika kwamba damu ni mojawapo ya njia za maambukizi. Ndugu aliyeshurutishwa na dharura ana sababu ya kuficha historia yake ya afya. Hawezi kukataa mbele ya wakwe zake huku mgonjwa yuko kitandani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu mwaka 1975 lilizitaka nchi wanachama zijenge huduma za damu za kitaifa juu ya uchangiaji wa hiari usio na malipo, liliendelea kusisitiza kwamba mchangiaji wa hiari anayerudia mara kwa mara ndiye aliye salama zaidi.

Tanzania ilichukua hatua hiyo mwaka 2004, ulipoanzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama kwa fedha za mfuko wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ambao ulisaidia huduma za damu katika nchi 14. Vituo vya kanda vikajengwa. Cha Kanda ya Mashariki kiko Mchikichini, Ilala, nacho hutegemewa na hospitali za Temeke, Mwananyamala, Amana na nyinginezo. Hayo yalikuwa mageuzi makubwa: kwa mara ya kwanza damu ilipimwa kwa kiwango kimoja, na mchangiaji akatambuliwa kuwa raia anayetimiza wajibu, hata kama hana mgonjwa wodini.

Hata hivyo, msingi ule uliegemea mfuko wa mtu mwingine, na jirani zetu wamekwisha kuonja matokeo yake. Huduma ya taifa ya damu ya Kenya nayo ilijengwa kwa msaada wa Marekani baada ya bomu la 1998. Ufadhili huo ulipofika ukomo Septemba 2019, uhaba ukaonekana upesi, na familia zikarejea kuomba damu kwa jamaa na katika mitandao ya kijamii. Madaktari walikuwepo, majokofu yalikuwepo, na wananchi wenye damu walikuwepo. Kilichokosekana ni fedha ya uhakika ya vitendanishi, mifuko ya damu na mafuta ya magari. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, kila mwenye kufikiri alipaswa kuikumbuka Nairobi ya 2019.

Pesa pekee haitoshi. Kanada ni nchi tajiri, na huduma yake ya damu ilikuwa mikononi mwa Msalaba Mwekundu, chombo kilichoheshimiwa sana. Katika miaka ya 1980 maelfu ya wagonjwa waliambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C kupitia damu na mazao yake. Tume ya Jaji Horace Krever, iliyotoa ripoti yake mwaka 1997, ilionyesha mfumo ambamo mamlaka yaligawanyika baina ya serikali kuu, majimbo na shirika la hisani, na maamuzi ya kuwalinda wagonjwa yakachelewa. Mwaka 1998 shirika likaondolewa katika kazi hiyo na vyombo vipya vikaundwa. Uingereza nayo ilisubiri hadi Mei 2024 kupokea ripoti ya uchunguzi wa msiba uliowaambukiza zaidi ya watu 30,000. Nia njema haikuwaokoa wagonjwa wale, kwa kuwa nia njema haina mkaguzi.

Kwetu sisi kuna kihatarishi kingine kisichoandikwa katika rejista yoyote, nacho ni imani ya watu. Wazee wa pwani wanalikumbuka neno mumiani. Enzi za ukoloni, katika miji ya Afrika Mashariki zilienea habari za watu wanaokamatwa usiku na kunyonywa damu ili itengenezwe dawa ya wakubwa. Wanahistoria wametufundisha kuzisoma habari hizo kama ushuhuda wa namna raia walivyoutazama utawala usiowajibika kwao: unachukua, hauelezi, haurudishi. Leo mwananchi aliyetoa damu bure, kisha akasikia kwamba jirani yake ameombwa pesa ili apate damu ileile, anarudi katika fikra hizo bila kusukumwa na mtu. Nimewahi kuwaona ndugu wa mgonjwa, nje ya wodi ya hospitali mojawapo ya jiji hili, wakichangishana fedha za kumlipa kijana asiyejulikana ili asimame kama "binamu" na kutoa damu. Kijana yule alikuwa ameziba pengo lililoachwa na taasisi, lakini aliliziba kwa gharama ya usalama wa mgonjwa.

Kutokana na historia hii naona mambo matatu ya lazima. La kwanza ni kifungu cha bajeti ya ndani, kinachojulikana na kulindwa, kwa ajili ya vitendanishi na mifuko ya damu. Huduma ambayo kukatika kwake huua kwa saa haifai kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine. La pili ni rejista ya vihatarishi iliyo hai. Tunajua kwamba shule zikifungwa uchangiaji hushuka, kwa kuwa wanafunzi ni nguzo yake. Tunajua kwamba baada ya masika malaria huwaishia damu watoto na wajawazito. Tunajua wingi wa watoto wetu wenye selimundu na wingi wa ajali za bodaboda. Hatari inayojulikana tarehe yake haistahili kuitwa dharura. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa ingepaswa kuwa na kiwango cha chini cha akiba, na afisa mwenye jina anayewajibika akiba ikishuka chini ya hapo.

La tatu ni hesabu kwa wananchi. Kama kata hubandika mapato na matumizi ya miradi ya maendeleo, kinachozuia damu kuhesabiwa hivyo ni nini? Wakazi wa Mbagala na Tandale waelezwe kila robo mwaka: chupa ngapi zilikusanywa kwetu, ngapi zilikataliwa baada ya vipimo, ngapi zilitumika, ngapi ziliisha muda. Taarifa hiyo haivunji siri ya mgonjwa yeyote, nayo itaua uvumi kuliko matangazo mia ya "damu haiuzwi".

Wanafunzi wangu huniuliza mwanaharakati aanzie wapi. Ninawajibu kwamba wachangie damu, wanaume kila baada ya miezi mitatu na wanawake kila baada ya minne, bila kungoja mlipuko. Kisha wahudhurie mkutano wa mtaa na kuuliza ilikokwenda. Mtumishi wa umma atakayesoma makala haya naye ana la kufanya kesho asubuhi: aulize ofisini kwake jokofu la hospitali ya wilaya yake lina akiba ya siku ngapi, na ni nani aliyeandikwa kuijaza.