Picha Haijui Kusema “Inadaiwa”

Sisi wa pwani vita tulivipokea kwa masikio. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima, na ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, ni tungo za kusomwa kwa sauti. Msikilizaji hujichorea mwenyewe moshi na vilio kwa kadiri moyo wake uwezavyo kustahimili. Kitabu cha picha hakimwachii mtoto hiari hiyo. Kwa hiyo amchaguliaye mtoto kitabu cha vita na uhamaji amejitwika dhamana si haba.

Tutazame nchi ya dhahabu, Shinyanga na Geita. Katika karne ya 19 Watuta, tawi la Wangoni, walipiga kambi Runzewe. Wakafuata rugaruga wa Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwang’oa Wasukuma katika maboma yao yaliyotawanyika. Aprili 1994, upande wa magharibi, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Na Agosti 1996, huko Bulyanhulu wilayani Kahama, maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa mashimoni ili kuipisha kampuni.

Mtoto wa mchimbaji huyo tumwiteje? Mkimbizi siye, maana hakuvuka mpaka. Naye hata hivyo alilala njiani. Aghalabu vitabu vitufikiavyo kutoka ng’ambo vina mashua, bahari na theluji. Mtoto wa Kahama huvifunga akidhani kuhama ni msiba wa watu wa mbali. Lakini waandishi na wachoraji tunao: Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, umethibitisha kwamba vitabu vya Kiswahili vya watoto vyaweza kutungwa, kuchorwa na kuchapwa papa hapa nchini.

Ugumu ni mwingine. Mashahidi wa Bulyanhulu walidai kwamba watu zaidi ya hamsini walifukiwa hai. Serikali na kampuni zikakanusha. Mwaka 2001 wanasheria wa LEAT wakashikilia kudai uchunguzi huru. Mwandishi anayo kinga ya neno “inadaiwa”. Mchoraji hanayo: akichora mkono ndani ya kifusi, ameshatoa hukumu, akichora uwanja mtupu uliosawazishwa, naye pia amehukumu.

Basi mimi huchagua kitabu kinachoanzia nyumbani, mtoto akiwa bado na jina, mbuzi na jirani, kabla hajawa mhamishwa. Huchagua kile kinachochora yasiyobishaniwa: sufuria kichwani, godoro juu ya baiskeli, mama akigeuka kutazama nyuma. Na ukurasa wa shimo ukifika, ukurasa huo usisomwe na mtoto peke yake. Mtu mzima na aketi kando yake, amwambie kweli: hapa, mwanangu, wakubwa hawajakubaliana.